Nitageuzaje Ukuta?

Njoro, upande wa juu, kwenye ngano,
Septemba 2007

Kwa Mhariri wa gazeti, wewe mwenyewe, si karani wako,

Wewe unaishi nyumba ya mawe. Usinibishie, najua. Mtu wa nyumba ya mbao hawezi kuchapisha somo upande mmoja wa karatasi halafu akalimalizia upande wa pili, kama mtu anayempa mgeni kikombe leo na chai kesho. Mama yako alikulea vipi? Aibu ikushike hapo ulipokaa, halafu usome barua hii mpaka mwisho, maana nimeiandika kwa mkono wangu na mkono unauma.

Nimemaliza kukugombeza, sasa nakusalimu. Habari ya kazi? Watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Ngano imesimama vizuri, baridi ni ile ile.

Mimi naitwa Truphosa Jelagat. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikachunge ndama wa baba, na ndama hawakunishukuru. Kiswahili nasoma bila shida. Kizungu najua kile cha kununua dawa ya kupe. Nyumba yangu ni ya mbao, na kila mtu wa huku juu anajua kwamba mbao zikikauka zinaachana kama meno ya mzee, na upepo wa Mau unapita hapo katikati bila kubisha hodi. Kwa hiyo tunabandika magazeti. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, unapaka, unabandika, unapangusa na kitambaa, na hapo una joto na kitu cha kusoma ukiwa umelala. Karatasi yenu ni nzuri, hilo sikatai. Ile ya wale wenzenu inanyonya uji na kutoboka. Mimi ni msomaji wenu mwaminifu kwenye kuta tatu. Ukuta wa nne una dirisha.

Sasa malalamiko. Nimeyapa namba ili usiseme bibi huyu anaropoka tu.

1. Juu ya kitanda changu, upande wa kichwa, kuna ule ukurasa wenu wa kutufundisha Kizungu sisi wasomaji wa Kiswahili. Umeandikwa kwa herufi kubwa: Vitenzi Vinavyofanana Sura Lakini Si Ndugu. Halafu mmevipanga viwili viwili, kama watoto wanaopelekwa kuchanjwa. Accept na expect. Adopt na adapt. Rise na raise. Lie na lay. Vizuri. Nikavaa miwani, nikatafuta maana. Chini kabisa mkaandika: Kwa maana na mifano, geuza ukurasa.

Geuza ukurasa! Mhariri, nitageuzaje ukuta? Niibebe nyumba niizungushe na kuku wakiwa ndani? Tangu mvua ndefu nalala chini ya amri yako. Kila asubuhi nikifungua macho naambiwa geuza, na kila asubuhi nashindwa kutii. Mimi sikuzoea kushindwa kutii. Nimezoea kutiiwa.

Nilijaribu. Nilichemsha birika nikaushikia ukuta mvuke, nikaingiza kisu polepole kwenye pembe, ikatoka pembe peke yake, ukubwa wa stempu. Uji wangu haubandui. Hiyo ni sifa yangu na ndiyo iliyonifunga.

2. Utaniuliza kwa nini sikubandika ule upande mwingine. Nitakwambia, na usikasirike. Mliweka picha ya mtu. Mwaka huu ni wa kura, na gazeti lenu limejaa nyuso za watu wanaotaka kitu. Huyo aliyekaa nyuma ya vitenzi vyangu alikuwa ameinua mkono na kufungua mdomo wote, na mimi siwezi kuvua nguo mbele ya mdomo kama ule. Nikampaka uji usoni, nikamgeuzia kwenye mbao aongee na mchwa.

Jirani yangu Wamaitha, ambaye tumechimba viazi pamoja tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, yeye mtu huyo anampenda. Tulinunua furushi moja la magazeti ya zamani tukagawana, na gazeti la siku hiyo lilikuwa limeingia mara mbili. Basi Wamaitha akambandika mtu wake akiangalia meza ya chakula, na vitenzi vikaenda kwenye mbao. Hatukugombana. Kila mtu na ukuta wake. Lakini ona sasa ulichofanya. Mimi nina majina ya vitenzi bila maana, na Wamaitha ana maana bila majina. Kwake, chini ya ule mdomo, pameandikwa: Cha kwanza maana yake ni kukubali unachopewa, cha pili maana yake ni kutarajia kitu ambacho hakijafika. Cha kwanza cha nini? Wamaitha hajui. Muda wote alidhani ni ahadi za yule mtu, na akaniambia anaona safari hii zimeeleweka kuliko zile za uchaguzi uliopita.

Kizungu kizima kipo, Mhariri, sisemi hakipo. Kiko ndani ya nyumba mbili, na katikati yake kuna shamba la ngano.

3. Hili ni la Waingereza, lakini nyinyi ndio mnaojuana nao, mtawafikishia. Kwetu ng'ombe wakifanana tunawakata masikio. Wa ukoo huu pengo moja, wa ukoo ule mapengo mawili, na mtoto anayetambaa anajua huyu ni wetu na yule si wetu. Waingereza walikaa Njoro hii na ng'ombe wengi sana, baba yangu aliwachungia, aliona hao ng'ombe walivyotiwa alama. Mbona vitenzi hawakuvitia? Wameacha accept na expect walale zizi moja, rangi moja, mkia mmoja, halafu mtu akimkamua asiye wake wanamcheka. Mimi naomba kimoja katika kila jozi kirudishwe kwao. Wenyewe waliondoka tangu zamani, hivi vitenzi walituachia vya nini? Vinakula majani ya nani?

4. Lalamiko la nne nilikuwa nalo nilipoanza kuandika, sasa limenitoka. Likirudi nitaliandika chini. Acha nafasi.

5. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo kaa sawasawa.

Nina mjukuu anaitwa Jepleting, mtoto wa mwanangu Kemboi. Nilimlea mimi. Alilala kwenye kitanda hiki hiki, chini ya magazeti, na herufi za kwanza alizijua kwa kidole changu, nikimwonyesha ukutani, hii ni A, hii ni B, hii ni mdomo wa mtu, ruka. Baadaye akasoma mpaka chuo kikuu hapa Njoro, na huko akajuana na Ravi, kijana wa Kihindi wa Nakuru mjini. Mama yake Ravi anaitwa Leela. Ana duka la vipuri, na nusu ya trekta za huku juu zinatembea kwa vitu vyake. Sikuwa na neno. Nilimwangalia kijana nikaona miguu imenyooka, anasalimia kwa mikono miwili, haangalii saa. Wakapanga siku ya kuja kumwomba msichana kwa desturi yetu.

Siku moja kabla, Jepleting akaja, akanikalisha kama mtoto, akasema, Kogo (hivyo ndivyo sisi tunavyomwita bibi), nina mambo mawili nakuomba. La kwanza, kesho usiongee Kizungu. Hawa watu Kiswahili wanakijua, Leela amezaliwa Molo. La pili sikulisikia, maana la kwanza lilikuwa limenijaa masikioni likawa linaunguruma.

Mimi niambiwe nisiongee? Na yule niliyemfundisha A? Kizungu chake chote kilianzia kwenye uji wangu!

Alipoondoka nikachukua fimbo, nikavuka ngano kwenda kwa Wamaitha. Tukasogeza kabati linaloziba maandishi ya chini, tukamkuta yule mtu bado amefungua mdomo, nikasoma maana zake. Wamaitha akaniuliza, na kwani hao wakwe hawajui Kiswahili? Nikamwambia anyamaze, hajui heshima. Mgeni akikuletea Kiswahili, wewe mwongezee Kizungu juu yake. Neno nililolitaka lilikuwa moja tu, la kusema tumemkubali kijana. Nikarudi nyumbani nikiimba njia nzima, cha kwanza kukubali, cha pili kutarajia, cha kwanza kukubali, cha pili kutarajia. Katikati ya ngano nikamkuta ndama wangu anakula mazao ya watu. Nikamfukuza, nikamtukana, nikamtukania na mama yake. Nilipomaliza kumtukana, cha kwanza kilikuwa kimekuwa cha pili.

Usicheke, Mhariri. Kama ungechapisha upande mmoja, nisingekuwa kwenye ngano.

Siku ikafika. Leela akaja na kaka yake Mayur, na Ravi, na blanketi, na sukari, na zile peremende zao zenye karatasi ya fedha. Nikawatolea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yaliyolala na mkaa wa mti mpaka yakapata akili yake yenyewe. Leela akaonja kidogo kwa adabu. Mayur akasema ameshiba njiani. Ravi akamaliza kikombe. Kwangu kikombe cha mgeni hakikai kitupu, nikamjazia. Akamaliza. Nikamjazia. Jepleting akawa ananikanyaga mguu chini ya meza. Nikajua ananikumbusha mambo yake ya Kizungu, nikauondoa mguu. Kijana akanywa mpaka jasho la heshima likamtoka kwenye paji la uso, nami nikamwambia Kemboi kwa sauti, huyu si mgeni tena, huyu ni mtu wetu.

Baadaye kidogo kijana akainuka akatoka nje, nadhani kuangalia gari. Nikaona sasa ndiyo saa yangu, maana sifa za bwana harusi hazisemwi mbele ya macho yake. Nikasimama. Nikashika fimbo. Nikasema kwa Kizungu, na sauti yangu unaisikia mpaka kwenye kisima, We expect Ravi! Nikarudia mara nne, kwa sababu neno la heri kwetu halisemwi mara moja likaachwa liende peke yake. Na kila mara nikagonga fimbo sakafuni.

Kemboi akaangalia mabati. Mayur akaziangalia blanketi. Leela akaangalia mlango. Jepleting akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nikadhani ni furaha.

Halafu Ravi akatokea mlangoni, rangi imemwondoka amekuwa kama jivu la jana, akamnong'oneza mama yake, na wote wakainuka. Wakaomba radhi, wakashukuru, wakaingia kwenye gari. Chakula kikabaki. Dengu nilizowapikia kwenye sufuria mpya isiyojua nyama, zikabaki. Tangu siku hiyo Jepleting hajaja. Kemboi akimpigia simu anasema ana kazi nyingi, atakuja, halafu haji. Jumapili mbili zimepita kitanda hiki kikiwa kipana.

Nikarudi kwa Wamaitha, tukasogeza tena kabati, tukasoma na kupanga mpaka ikaeleweka. Kumbe badala ya kusema tumemkubali, mimi nilisema tunatarajia! Na mtu anayesimama mbele ya blanketi na sukari akapiga kelele kwamba anatarajia, anatarajia nini? Anatarajia zaidi! Niliwaambia wakwe, mara nne na fimbo juu yake, kwamba walicholeta ni kidogo. Mimi, ambaye ningewapa msichana na kibuyu pamoja. Wamaitha alicheka mpaka akalishika kabati lisimwangukie. Akaniambia, wewe mama, si ungesema tu karibuni? Nikamwambia ukuta wake ndio mbaya. Akasema ukuta wake una maana, ni wangu ulio na majina matupu. Nikachukua fimbo yangu nikarudi nyumbani, na hilo pia naliweka kwenye hesabu yako.

6. Kwa hiyo nataka mambo haya, na nayataka upesi.

Wewe mwenyewe utakwenda Nakuru, dukani kwa Leela, ukamweleze kwamba kosa ni la gazeti. Kwa desturi ungekwenda na kondoo, lakini hao hawali nyama, atawasumbua tu hapo kati ya vipuri. Nenda na maua. Kule Kamere, kando ya ziwa, wanayalima kama sisi tunavyolima viazi, hutakosa. Usiseme kwa Kizungu.

Kuanzia sasa gazeti lichapishwe upande mmoja, na upande wa pili uachwe mweupe. Faida zake nimeziona zote. Sisi wa mbao tutapata masomo kamili. Watoto watapata mahali pa kufanyia hesabu. Na kwa kuwa nafasi itakuwa nusu, hao wenye midomo itabidi wachague: ama picha, ama maneno. Nchi nzima itapumua.

Kama hamtaki, nitabandua kurasa zenu zote, uji au hakuna uji, kisha nibandike za wenzenu, zitoboke zinavyotoboka. Zenu nitazihamishia chooni, na huko sitachagua upande.

Lakini hayo yote, Mhariri, ukitaka unaweza kuyapuuza. Serikali yenyewe inanipuuza na bado nalala usingizi. Moja usilipuuze. Nataka mtoto arudi. Ameona haya kwa sababu yangu mbele ya watu anaotaka kuwaita wazazi, na mimi sijui neno la kumwambia, si kwa Kizungu, si kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu. Huko ukutani nimetafuta. Hakuna.

Nawasalimu wote hapo ofisini. Msalimie anayepiga mashine, mwambie wino wake hauchujuki, namshukuru. Msalimie aliyeandika somo la vitenzi, mwambie namtafuta. Wamaitha anawasalimu, anauliza kama mna picha nyingine ya yule mtu, kubwa kidogo. Kemboi anawasalimu ingawa hajui kwamba naandika.

Ni mimi, niliye na haki,
Truphosa Jelagat

Nyongeza. Barua hii imekaa mezani ikingoja mtu wa kuipeleka posta, na huku ikingoja, Leela amekuja. Amekuja mwenyewe na pikapu ya duka, Jepleting amekaa mbele anaangalia magoti yake. Leela hakuketi. Aliniomba msamaha. Mimi! Ati mwanawe alitoka bila kugusa chakula changu, na wamekuwa wakiogopa kuja, maana Jepleting amewaeleza nilivyo.

Kijana hakuwa anaangalia gari. Alikuwa chooni kwangu. Tumbo lake halikuzaliwa na mursik, nalo lilipambana naye juma zima huko Nakuru, Jepleting akimpikia uji mwepesi, akishindwa kuniambia kwamba kibuyu changu ndicho kilichomwangusha. Na kwa nini alikunywa chote? Kwa sababu Jepleting alikuwa amemwonya asikatae kitu chochote mkononi mwa Kogo. Na mimi nilionywa nini? Lile jambo la pili nililoambiwa, ambalo sikulisikia, lilikuwa hili: Kogo, tafadhali, usimjazie kikombe.

Nikajikaza, nikamuuliza Leela juu ya ile hotuba. Akanishika mkono. Akasema, Kogo, tulishukuru sana. Sisi tulikuwa tunakufa kwa aibu, kijana hatoki chooni, na wewe ukasimama mbele ya watu wote ukasema tunamngoja Ravi. Hata Mayur alisema mama huyu ana moyo mkubwa.

Kwa hiyo Kizungu changu kilikuwa sawa. Kilikuwa sawa mara nne. Sikumwambia kitu. Jepleting aliniangalia, nikamwangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akanilalia begani, na leo usiku analala hapa.

Basi lalamiko la kwanza futa, la pili futa, la tatu na la tano futa. Ile nafasi ya la nne, uliyoacha, sasa ijaze. Limenijia. Nalalamika kwamba huku Njoro kuna mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa ambaye hajawahi kusikia jambo la pili.

Leela alitaka harusi iwe Desemba. Nikakataa, nikamwambia tuache watu wapige kura kwanza, kelele ziishe, tufanye Januari nchi ikiwa imetulia. Wamaitha atapika chapati. Mimi nimekatazwa kukaribia vikombe.

Ile habari ya upande mmoja bado naitaka, kwa sababu baridi haijali nani alikosea. Sasa fanya hivi. Chapisha barua hii mahali ambapo nyuma yake hakuna mtu anayetaka kura, kisha tuma nakala mbili, moja yangu na moja ya Wamaitha, tubandike zote upande mmoja, ili mwaka ujao kuta zetu ziwe zinasema neno moja.